Intaneti ya muda kwa nyumba yenye watoto Mombasa: kasi ndogo isiyokatika yafaa kuliko GB nyingi

Familia zinazohitaji intaneti ya nyumbani kwa miezi michache tu ni nyingi Mombasa kuliko watoa huduma wanavyoonekana kudhani. Wapo wanaoletwa na kazi za bandari na za hoteli, wapo wanaopanga kwingine huku nyumba yao ikikarabatiwa, na wapo jamaa wanaorudi kutoka Ghuba au Ulaya kukaa na wazee wakati wa likizo ndefu, wakiwa na watoto ambao masomo yao na marafiki zao wamo mtandaoni. Sisi tulikuwa wa kundi la pili: nyumba ya kupanga upande wa Bamburi, watoto watatu wa umri tofauti, na kazi ya ofisini inayofanyiwa kwenye meza ya chakula. Nitaanza na uamuzi wangu ili msomaji mwenye haraka asihangaike. Kwa nyumba ya namna hiyo ninapendekeza ruta ya 4G au 5G ya kukaa nyumbani, yaani kifaa kinachopokea mtandao wa simu na kuusambaza kwa Wi-Fi, yenye kifurushi kinachowekea kikomo kasi, wala si kile kinachowekea kikomo kiasi cha data.

Sababu ni watoto wenyewe. Mtu mzima aliyenunua GB 50 hujua kuzigawa mpaka mwisho wa mwezi. Mtoto hajui, wala hastahili kubebeshwa mzigo huo. Netflix yenyewe inaeleza kwamba video ya ubora wa kawaida hutumia takriban GB 1 kwa saa, na ya ubora wa juu hufikia GB 3 kwa saa. Watoto wakitazama saa mbili kwa siku kwa ubora wa juu, hizo ni GB 6 kwa siku na GB 180 kwa mwezi, kabla ya kuhesabu darasa la mtandaoni, masasisho ya simu na michezo inayojipakua upya kila baada ya muda. Hata ukishusha ubora, GB 60 zimekwenda. Kifurushi kikiisha katikati ya mwezi, anayeumia kwanza ni mwanafunzi mwenye kazi ya shule ya kuwasilisha, ilhali aliyemaliza data ni mdogo wake aliyeachiwa katuni zikifuatana zenyewe bila mtu kuzisimamisha. Kikomo cha kasi hakileti mashtaka ya namna hiyo nyumbani: wakizidi watumiaji, katuni hupoteza ung'avu kidogo na kila mtu anaendelea na shughuli yake. Jambo la kuuliza kabla ya kulipa ni sera ya matumizi ya haki, kwa kuwa vifurushi vingi vinavyotangazwa kuwa havina kikomo hupunguziwa kasi vikifika kiasi fulani cha GB kwa mwezi. Mwombe muuzaji akutajie kiasi hicho na kasi itakayobaki baada yake, na akisitasita, mwombe akuonyeshe masharti yaliyoandikwa.

Kasi gani inatosha? Wauzaji watakusukuma ununue kifurushi kikubwa, lakini hesabu haiwaungi mkono. Filamu ya ubora wa juu inahitaji takriban megabiti 5 kwa sekunde. Mkutano wa Zoom wenye picha nzuri unahitaji kama megabiti 3, na darasa la mtoto kwa njia hiyo hiyo megabiti 3 nyingine. Jumla ni megabiti 11, kwa hiyo kifurushi cha megabiti 15 kinabeba mambo hayo matatu kwa wakati mmoja na kubakiza nafasi ya ujumbe wa WhatsApp na kurasa za kawaida. Megabiti 10 nazo zinatosha kwa nyumba ambayo hakuna anayefanyia kazi humo. Anayelipia megabiti 80 kwa miezi mitatu ya kupanga ananunua kitu ambacho watoto wake hawatakiona.

Udhaifu wa ruta ya 4G au 5G ni mahali. Mawimbi ya 5G ya masafa ya juu hayapendi kuta nene, na Mombasa ina kuta nene hasa: nyumba za Mji wa Kale zilizojengwa kwa mawe ya matumbawe zinaweza kupokea 5G kamili barazani na zisipate chochote chumba cha ndani. Njia ya kujua haina gharama kubwa. Nunua au azima laini ya mtandao unaoufikiria, iweke kwenye simu inayopokea 4G au 5G, simama pale pale ambapo ruta itakaa, kisha pima kasi kwa fast.com. Pima saa mbili usiku, wakati mtaa mzima uko nyumbani, kwa sababu kipimo cha saa nne asubuhi ni cha mnara usio na watu. Fanya hivyo kwa mitandao miwili, na uwaulize majirani wa ghorofa yako, si wa mtaa wa pili, kwani mkabala wa dirisha na mnara hubadilisha mambo ndani ya jengo moja. Bamburi tulikokuwa, dirisha la jikoni lilipata kasi karibu maradufu ya ile ya sebuleni, na ruta ikahamia jikoni, juu ya kabati, mbali na jiko na maji.

Kwa bei, vifurushi vya chini vya Airtel vya ruta ya nyumbani vimekuwa vikitangazwa kwa karibu shilingi 2,000 kwa mwezi, na Safaricom inazo ruta zake za 4G na 5G pia. Bei za matangazo hubadilika kila msimu, kwa hiyo kinachonishughulisha zaidi ni kifaa. Ukilipa shilingi 6,000 za ruta na kukaa miezi mitatu, umejiongezea shilingi 2,000 kwa kila mwezi, na kifurushi kilichoonekana rahisi kimepanda mara mbili. Uliza kama ruta ni ya kuuzwa, ya kukodishwa au ya amana inayorudishwa, na kama imefungwa kwa mtandao mmoja. Ruta isiyofungwa unaweza kumwachia ndugu au kuiuza, na hapo hesabu inageuka kuwa nzuri.

Intaneti ya waya wa faiba ndiyo imara kuliko zote, nami ningeichagua bila kusita kama jengo tayari lina waya na kisanduku cha mpangaji aliyetangulia bado kiko ukutani. Septemba 2024 Safaricom iliongeza kasi ya vifurushi vyake vya faiba bila kupandisha bei, na kile cha chini kikawa megabiti 15 kwa shilingi 2,999 kwa mwezi, malipo ya kabla, bila mkataba wa mwaka unaomfunga mtu anayekaa muda mfupi. Tatizo huja pale jengo lisipokuwa na waya. Utahitaji ruhusa ya mwenye nyumba, fundi, na subira, na kwa mpangaji wa miezi mitatu wiki mbili za kusubiri ni sehemu kubwa ya muda wake. Inasikitisha kulisema hili Mombasa, mji ambao nyaya za chini ya bahari za SEACOM na TEAMS zilifikia nchi kavu mwaka 2009 na EASSy ikafuata, nyaya zinazolisha Kenya na majirani zake, wakati mitaa ya Kisauni na Likoni iliyo kilomita chache kutoka hapo bado ina vichochoro ambavyo havijaona faiba. Katika mitaa ya aina hiyo wapo watoa huduma wadogo wanaosambaza kwa antena za juu ya paa. Baadhi yao ni wazuri na wa bei nafuu, lakini hakikisha wana leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano na usimlipe fundi mkononi.

Starlink, intaneti ya setilaiti inayopokewa kwa dishi, ilianza kuhudumia Kenya Julai 2023, na ilipoleta mpango wa kukodisha kifaa kwa shilingi 1,950 kwa mwezi mwaka 2024, pamoja na kifurushi cha GB 50 kwa shilingi 1,300, iliingia rasmi katika mjadala wa wapangaji wa muda. Kwa familia iliyo Msambweni, Malindi vijijini au ndani ya Kilifi ambako mnara uko mbali, ninaipendekeza kwa moyo wote. Mjini siipendekezi. Dishi linahitaji anga iliyo wazi, na nyumba nyingi za pwani zimezungukwa na minazi na miembe. Mpangaji wa ghorofa naye mara nyingi hana haki ya paa. Kile kifurushi cha GB 50 kinarudisha tatizo lile lile la watoto nililolieleza, ilhali kisicho na kikomo ni ghali zaidi. Kuna pia umeme: dishi la kawaida hutumia wati 75 hadi 100, ambazo kwa mwezi mzima bila kuzimwa ni uniti 54 hadi 72 za tokeni. Ruta ya kawaida ya wati 10 hutumia uniti 7 tu. Dishi dogo linatumia wati 25 hadi 40, na lina unafuu. Tena huduma hiyo huweza kujaa: Novemba 2024 kampuni ilisimamisha kwa miezi kadhaa kupokea wateja wapya Nairobi na kaunti jirani.

MiFi, kile kiruta kidogo cha mfukoni, inawafaa wanaokaa wiki mbili au tatu. Ina betri yake, kwa hiyo umeme ukikatika darasa linaendelea, na inasafiri na familia. Mtandao wa simu uitwao Faiba, wa Jamii Telecommunications, umejijengea jina kwa GB za bei nafuu, na masafa yake ya 700 MHz hupenya kuta vizuri kuliko masafa ya juu. Hata hivyo MiFi inanunuliwa kwa GB, na haikutengenezwa kulisha vifaa saba vya nyumba nzima.

Sasa nije kwenye jambo linaloachwa nyuma na karibu kila muuzaji niliyezungumza naye, nalo ndilo lililonifanya niandike. Intaneti ya muda huwekwa haraka, na ulinzi wa mtoto husahauliwa katika haraka hiyo. Siku ya kwanza, kabla hujawapa watoto neno la siri, fungua ukurasa wa ruta, kwa kawaida kwa anwani 192.168.1.1 au 192.168.8.1, ubadilishe neno la siri la msimamizi. Kisha badilisha DNS, yaani huduma ambayo ruta huiuliza anwani ya kila tovuti, iwe 1.1.1.3 na 1.0.0.3, huduma ya bure ya Cloudflare kwa familia iliyoanza mwaka 2020, ambayo hukataa kufungua tovuti za watu wazima na zile zenye programu hasidi kwa kila kifaa kilichounganishwa na ruta hiyo. Ruta kadhaa zinazotolewa na kampuni za simu zimefungwa zisibadilishwe hapo. Ikiwa yako ni hivyo, fanya mabadiliko kwenye simu ya mtoto: Android kuanzia toleo la 9 ina sehemu ya DNS ya faragha katika mipangilio, na humo unaandika family.cloudflare-dns.com. Usiamini kwamba kazi imekwisha. Kichujio hicho hakijui kilichomo ndani ya video za YouTube, na ruta yako haina la kusema mtoto akiwasha data ya laini yake. Kwa wadogo tumia YouTube Kids, na kwa simu zao Family Link ya Google, ambayo pia huweka saa za kulala.

Kama ruta inaruhusu mtandao wa wageni, ufanye huo kuwa mtandao wa watoto wenye jina na neno la siri lake. Utaweza kuuzima saa tatu usiku bila kukatiza kazi ya mzazi, na kasoro ikitokea utajua imetoka upande gani. Mkubwa wetu wa miaka kumi na mitano alipinga, na nilimpa haki yake: mwanafunzi wa sekondari ana kazi za usiku, na kumtendea kama mdogo wake ni kumdhulumu. Alibaki kwenye mtandao wa watu wazima kwa makubaliano kwamba simu inalala sebuleni.

Umeme ni suala fupi. Ruta na kisanduku cha faiba vyote huzimika ukikatika, kwa hiyo kibetri cha volti 12 cha ruta, kile kinachouzwa kwa jina la mini UPS, ni ununuzi wenye faida, na utahama nacho. Dhidi ya hitilafu kubwa hakuna kifurushi kitakachokuokoa. Mei 2024 nyaya za EASSy na SEACOM zilipokatika, mawasiliano ya Afrika Mashariki yaliyumba kwa watumiaji wa faiba na wa simu vilevile. Pakua mapema masomo na hadithi za watoto, kisha uziache kwenye simu.

Mkataba wa nyumba ukikaribia kwisha, usilipie mwezi mzima kwa siku chache zilizobaki; rudi kwenye vifurushi vya wiki vya simu. Kama ruta ni ya kukodi, irudishe dukani mwenyewe, udai risiti yenye namba ya kifaa, na kabla ya hapo bonyeza kitufe cha kuirejesha katika hali ya kiwandani, kwa kuwa ina majina ya vifaa vya wanao na neno la siri ambalo huenda wanalitumia kwingine.