Dawa ipi ya ganzi: lignokeini au bupivakeini?

Zote hupenya ndani ya neva na kuziba vijilango vya sodiamu, ambavyo neva hutumia kupeleka ishara, hivyo taarifa ya maumivu haifiki kwenye ubongo. Tofauti ni muda. Lignokeini hushika ndani ya dakika chache. Ikichomwa peke yake huisha baada ya saa 1 au 2, ikichanganywa na adrenalini hudumu zaidi. Kwa kushona kidonda, inatosha kabisa. Bupivakeini huchelewa kushika, lakini hukaa saa 4 hadi 8. Ikiingia kwenye mshipa wa damu kwa bahati mbaya, hiyo ndiyo hatari zaidi kwa moyo. Jino lenye usaha? Asidi yake huzidhoofisha zote mbili.

Mtoto anayejing'ata mdomo uliokufa ganzi, ningempa ya muda mfupi. Aliyepasuliwa ngiri atashukuru ile ndefu.