Rivyu: Hash House Harriers kwa mgeni anayetafuta marafiki ughaibuni

Nimeenda hash, yaani grupu ya watu wanaokimbia pamoja wakifuata alama njiani, mwaka mzima na miezi kadhaa sasa, karibu kila Jumatatu, kwa hiyo hii si rivyu ya mtu aliyeonja mara moja akakimbilia kuandika. Nawaandikia hasa nyie mliohamia nchi ya watu miezi michache iliyopita, kazini mnasalimiwa vizuri tu, mkirudi mnafunga mlango na simu ndio mwenzenu mpaka asubuhi. Hiyo hali naijua. Miezi mitano ya kwanza ilikuwa naweza kutoka ofisini Ijumaa jioni nikafika Jumatatu sijaongea na mtu zaidi ya kumwambia keshia asante, na nyumbani nikipiga simu nasema niko poa kwa sababu utawaambia nini sasa.

Kabla ya hash nilijaribu apu moja ya kulipia, jina naliacha, ya kuwakutanisha wageni wanaoishi nje. Mara moja kwa mwezi, ukumbi mzuri, unabandikwa stika ya jina kifuani, unashika glasi, halafu ni maswali yaleyale matatu: unatoka wapi, unafanya kazi gani, utakuwepo mpaka lini. Nilienda mara sita. Nilitoka na namba za simu kama ishirini na hakuna hata mtu mmoja niliyeonana naye tena nje ya ule ukumbi. Na watu hawakuwa wabaya jamani, wengi walikuwa wapweke kama mimi, unaona kabisa machoni, ila mwezi unaofuata unakuta sura mpya tupu na unaanza tena kujieleza toka mwanzo.

Hash ni kitu cha zamani na wenyewe walioianzisha walikuwa wageni. Mwaka 1938, Kuala Lumpur, mhasibu mmoja aitwaye Albert Gispert na wenzake, wengi wao Waingereza waliokuwa kikazi kule Malaya (Malaysia ya leo), walianza kukimbia pamoja Jumatatu jioni wakifuata alama za karatasi kama mbwa wanaofuata sungura. Jina Hash House lilitokana na sehemu waliyokuwa wanakula, chakula chake kilikuwa kimewachosha, na hash kwa Kiingereza ni chakula cha kukatakata na kuchanganya. Leo grupu ziko karibu kila mji mkubwa duniani na kila moja inajitegemea, hakuna makao makuu ya kukupangia wala fomu ya kujaza wiki mbili kabla. Unatafuta grupu ya mji wako onlaini, unaona wiki hii wanaanzia wapi, unatokea. Unachangia hela kidogo palepale na hata usipolipa uanachama unapokelewa.

Sasa niwaeleze inavyokwenda maana hapa ndipo penye siri yote. Mtu mmoja au wawili wanatangulia, hao ndio masungura wa siku hiyo, wanadondosha vibonge vya unga chini, kwenye mizizi ya mti, kwenye nguzo, kwenye kona ya ukuta. Wengine mnafuata. Ukiona unga unapiga kelele On! On! ili walio nyuma wajue njia ni hii. Lakini kila baada ya mwendo fulani unakuta duara la unga, hapo njia imekatika, inaweza kuwa imeenda upande wowote, na masungura wanaweka pia njia za uongo makusudi. Basi wenye mbio wanatawanyika kutafuta, wanapotea, wanarudi, na wakati huo sisi wa nyuma tunafika tukihema. Kwa hiyo hata uwe mzito kiasi gani huachwi, kundi linakutana kwenye kila duara.

Na kwenye lile duara ndipo nilipopata marafiki, kwa kweli. Unasimama dakika mbili tatu na mtu ambaye hamjapanga kuongea, wote mmeinama mmeshika magoti, jasho linawatoka, na huwezi kuanza habari za cheo chako hapo. Jumatatu yangu ya tatu kulikuwa na manyunyu, unga umeanza kuyeyuka kwenye lami umekuwa kama uji, na dada mmoja aliyekuwa amechuchumaa anatafuta alama kwa tochi ya simu akaniuliza bila hata kuniangalia, "Wewe kibali chako cha kuishi kimeshatoka?" Nikamwambia bado, huu mwezi wa nne nasubiri. Akasema na wake hivyohivyo, usiku hapati usingizi. Hatujawahi kuulizana majina mpaka tulipomaliza kukimbia, ila kuanzia pale nilikuwa na mtu wa kumwambia ukweli. Barua za uhamiaji tunasomeana mpaka leo.

Kuna utafiti wa Jeffrey Hall wa Chuo Kikuu cha Kansas, wa 2018, aliwauliza watu wazima waliokuwa wamehama makazi ndani ya miezi sita iliyopita na wanatafuta marafiki wapya, yaani watu kama sisi. Alikuta kutoka kufahamiana tu mpaka kuwa rafiki wa kawaida kunahitaji kama masaa 50 ya kuwa pamoja, kuwa rafiki kweli kama 90, na rafiki wa karibu zaidi ya 200. Nilipoisoma hiyo nikachukua kalamu. Hash yetu ukijumlisha kukimbia na kukaa pamoja baadaye ni masaa matatu kwa wiki, maana yake masaa 50 yanatimia kwenye mwezi wa nne, na 90 kama miezi saba. Ile ya ukumbini ni masaa mawili kwa mwezi, ungehitaji zaidi ya miaka miwili kufika hayo 50, tena kama ungekuwa unakutana na mtu yuleyule, na hukutani naye! Basi nikaacha kujilaumu kwamba mimi ndiye sijui kuongea na watu. Masaa tu ndiyo yalikuwa hayatoshi.

Mfano, mwezi wa tano hivi niliumwa nikakosa Jumatatu mbili. Ya pili yake usiku nikapata meseji, "Hujaonekana, uko sawa? Unahitaji kitu?" kutoka kwa mzee mmoja ambaye mimi nilidhani hata jina langu halijui. Nilikaa na ile simu mkononi muda mrefu. Toka nihamie huku hakuna mtu aliyekuwa amegundua kwamba sipo mahali.

Mapungufu yapo, siwezi kuficha. Bia ni sehemu ya hash toka siku ya kwanza, mkimaliza mnasimama duara, wageni wapya na waliofanya kosa lolote wanaitwa katikati wanywe huku wanaimbiwa, na nyimbo nyingine ni za matusi, hata majina ya utani wanayopeana mengine huwezi kuyataja mbele ya mama mkwe. Asiyekunywa anapewa maji au soda, ila kama mazingira hayo yenyewe yanakukwaza basi usijilazimishe. Grupu zinatofautiana sana, kuna za wanaume tu, za wanawake, za familia na watoto, kuna zinazotembea zaidi kuliko kukimbia, kwa hiyo cheki kwanza halafu jaribu hata mbili tofauti kabla hujakata tamaa. Na kama unataka kitu kisicho na pombe kabisa kuna parkrun, ile iliyoanza 2004 kwenye bustani ya Bushy Park London na wakimbiaji 13, kilomita tano kila Jumamosi asubuhi, bure, na ikiwepo nchi uliyopo utakutana pia na wenyeji, kitu ambacho kwenye hash nyingine ni haba. Hilo la wenyeji nalisisitiza. Ukiwa na wageni wenzako tu unaweza kumaliza miaka mitatu hujajua hata salamu za mtaa wako, na mkikutana kazi yenu ni kulalamikia nchi ya watu. Mimi nimejiwekea: Jumatatu ni ya hash, Jumatano ni darasa la lugha.

Kinachouma zaidi na kilichonifanya nipunguze nusu nyota, ingawa si kosa la hash, ni kuondoka. Rafiki mgeni ana tarehe ya mwisho. Mkataba unaisha, kampuni inamhamisha, wazazi wanazeeka kwao. Mwaka huu tumeaga watu tisa, na kila mara mtu akiondoka nasikia sauti ndani inaniambia usimzoee mwingine. Hapo huwa nawakumbuka wale wa Kuala Lumpur. Gispert mwenyewe aliuawa vitani Singapore Februari 1942, kukimbia kukasimama miaka ile ya vita, na waliobaki hai waliporudi wakaanza tena. Kama wao waliweza, mimi siwezi kushindwa kumkaribisha mtu mpya eti kwa sababu nilimpeleka mwingine eapoti.

Kwa hiyo nyota nne na nusu kati ya tano. Ushauri wangu kwa anayeanza ni mmoja, nenda mara sita mfululizo kabla hujaamua chochote. Ya kwanza utajiona umepotea, utani wao hutauelewa na kila mtu ataonekana anamjua mwenzake. Ya pili afadhali kidogo. Kuanzia ya nne hivi wataanza kukuita. Vaa viatu usivyoviogopea matope, beba soksi za kubadili, na fika dakika kumi kabla maana ndio muda wa kusalimiana.

Yule dada wa tochi anaondoka mwisho wa mwezi. Wiki iliyopita alinikabidhi mfuko wake wa unga, ule wa kitambaa wenye kamba ya kuvaa begani, bado una unga kwenye mishono. Jumatatu hii natangulia mimi, ni mara yangu ya kwanza kuwa sungura, na duara la kwanza nitalichora palepale tulipochuchumaa na manyunyu.