Unaenda Dubai? Hela ya kubeba, kuanzia iliyo bora mpaka ya kukwepa kabisa

Watu wakijiandaa na safari ya Dubai wanauliza tiketi bei gani, viza siku ngapi, hoteli ichukuliwe mtaa gani, halafu suala la hela wanaliacha mpaka siku ya mwisho, ndo mtu anaanza kukimbizana na maduka ya kubadilishia fedha huku begi halijafungwa. Na hapo ndo anapopigwa. Fedha ya kigeni ni bidhaa kama kitenge tu, ina muuzaji na ina bei, na ukionekana una haraka bei haikuhurumii.

Mimi nina kipimo kimoja: nikitoa shilingi zangu hizi, mkononi Dubai zinaingia dirham ngapi? Sitaki kujua ubao umeandikwaje wala kama wanasema hawakati komisheni, nataka hesabu ya mwisho mkononi. Njia zote hapa chini nimezipanga kwa kipimo hicho.

Kitu cha kujua kwanza, dirham ya Emirates (Falme za Kiarabu, nchi ilipo Dubai) imefungwa na dola, 3.6725 kwa dola moja, tangu 1997. Yani dola 100 ni dirham 367 na chenji kidogo, leo, kesho na mwezi ujao. Kwa hiyo kutoka dola kwenda dirham hakuna presha, upotevu mkubwa unatokea kutoka shilingi kwenda dola, hapo ndo pa kutulia. (Wanaoenda Umra hesabu ni ileile, riyali ya Saudia nayo imefungwa kwa 3.75 kwa dola. Wa Muscat muwe makini, riyali moja ya Oman ni kama dola 2.60, noti inaonekana ndogo ukaitoa kirahisi kumbe umetoa hela nyingi.)

Namba 1: dola taslimu, ukabadilishe Deira, mtaa wa hukohuko Dubai

Hii ndo inashinda kila mara nikipiga hesabu. Nunua dola nyumbani taratibu, sio siku moja. Ukijua safari ni Desemba anza Septemba au Oktoba, kila ukipata kidogo nunua, maana shilingi ikiyumba wiki ya safari hutaumia kwa hela yote. Zunguka benki mbili na maduka mawili matatu yenye leseni, na jamani angalia safu sahihi kwenye ubao. Kuna bei wanayonunua na bei wanayouza, wewe unayetaka dola unaangalia wanayouza, ile ya juu. Wengi wanaisoma ile ya chini wanafurahi, wakifika dirishani wanaambiwa namba nyingine wanadhani wameibiwa. Tuseme duka moja linauza 2,500 na la pili 2,530, kwa dola 1,000 hiyo ni tofauti ya elfu 30, na ulichofanya ni kuvuka barabara tu. Risiti chukua uitunze.

Chukua noti za 100, zile zenye utepe wa bluu zilizoanza kutoka 2013. Ikague moja moja hapohapo dirishani kabla hujaondoka, iliyochanika, iliyoandikwa kalamu, yenye muhuri, mrudishie. Usione aibu, ni hela yako. Noti za mia zinakusaidia pia ukirudi na dola zilizobaki, kwa sababu maduka yetu mengi yananunua noti ndogondogo kwa bei ya chini kuliko ya 50 na 100.

Ukifika Deira, maeneo ya Baniyas Square, Naif na soko la dhahabu, maduka ya fedha yamepangana. Ukipata 3.65 au 3.66 kwa dola upo vizuri, dola 1,000 inakupa dirham 3,650 mpaka 3,660 na upotevu ni mdogo sana. Beba pasipoti, wataiomba. Usibadilishe zote siku ya kwanza, badilisha ya siku mbili tatu, nyingine ibaki kwenye sefu ya chumbani. Na akija mtu barabarani anakuambia ana reti nzuri, endelea na safari yako.

Kwa wafanyabiashara wanaobeba mzigo wa hela, kuingia Emirates na zaidi ya dirham 60,000 au thamani yake unatakiwa utoe taarifa forodhani, na kutoka Tanzania au Kenya kikomo ni dola 10,000. Kutoa taarifa sio kosa, kuficha ndo kosa.

Namba 2: kadi ya akaunti ya dola

Kama una akaunti ya dola yenye kadi ya Visa au Mastercard, hii inakaribia sana namba moja, na kwa hoteli na mall kubwa naipenda kuliko kutembea na taslimu. Hoteli nyingi zinataka depoziti unapoingia, na kadi inasaidia hapo ingawa ile hela inaweza kuchukua siku kadhaa kurudi, usiipigie hesabu ya kununulia zawadi.

Sasa sikilizeni hili maana limeniuma. Unalipa dukani, mashine inakuuliza unataka kulipa kwa dirham au kwa hela ya kwenu. Mara ya kwanza nikachagua ya kwetu nikiamini ndo salama, nione kabisa nakatwa ngapi. Kumbe ukichagua hivyo wanakubadilishia wao kwa reti wanayoitaka wao, na nilivyokuja kupiga hesabu nikiwa nimetulia hotelini nikakuta nimelipa viatu vya mwanangu ghali kuliko vilivyoandikwa dirishani. Chagua dirham. Kila mara, dukani, hotelini, kwenye ATM, chagua dirham. Na kama muuzaji kakubonyezea bila kukuuliza, mwambie afute aanze upya, hujasaini bado.

Nyingine, ijulishe benki yako kabla hujaondoka. Kuna safari kadi yangu iligoma kaunta ya hoteli saa saba usiku na watoto wamelala juu ya mabegi, kisa benki iliona muamala wa nje ikaufunga. Namba ya simu inayopokea OTP, yani ile namba ya siri ya mara moja ya kuthibitisha malipo, nayo hakikisha inafanya kazi ukiwa nje.

Namba 3: kadi ya shilingi, au kadi ya kwenye simu

Inafanya kazi, ila unabadilishiwa njiani na mtandao wa kadi na benki yako, wanaweka na makato ya muamala wa nje. Kadi za Visa za mtandaoni zinazounganishwa na M-Pesa nazo ziko hapa, mimi naona zinafaa zaidi kwa kulipia hoteli au tiketi za Burj Khalifa mapema ukiwa nyumbani, unaweka kiasi kilekile unachotaka kulipa basi, hata namba zikivuja hakuna cha kuchukua. Kama kadi kuu ya safari hapana.

Namba 4: kutoa hela kwenye ATM

Benki yako inakata, yenye mashine inaweza kukata, na kubadilisha fedha kuna gharama yake. Ya dharura tu. Ukilazimika toa kiasi kikubwa mara moja, makato ya kutoa dirham 200 mara tano yanauma kuliko 1,000 mara moja.

Namba 5: dirham za kununua nyumbani

Zinapatikana ila bei imekaa vibaya kuliko dola, kwa kuwa sio fedha inayozunguka sana. Nunua dirham 100 au 200 tu za siku ya kwanza. Teksi ya uwanja wa ndege wa Dubai inaanza kuhesabu kutoka dirham 25, ndo hiyo hela yake.

Namba 6: dirisha la uwanja wa ndege

Kama hukununua dirham nyumbani, badilisha dola 50 hapo utoke nje. Zaidi ya hapo unampa zawadi mtu usiyemjua.

Ya mwisho: shilingi

Msibebe shilingi. Safari yangu ya kwanza nilibeba, nikiamini Dubai wanabadilisha kila kitu. Duka la kwanza walikataa, la pili wakanitajia reti ambayo nilidhani nimesikia vibaya. Nikaenda kwenye ofisi ya kago, Deira ofisi za kago utakuta Waswahili wenzetu, kaka mmoja akanitazama kwa huruma akasema "Dada, hizo rudi nazo nyumbani zikanunue mchele." Nilirudi nazo kweli, na wiki nzima nikaishi kwa dola nilizoazima kwa mwenzangu.

Bakshishi, nani na kiasi gani

Dubai bakshishi sio lazima, hakuna atakayekufuata mlangoni. Ila kwenye bajeti yako iweke kabisa, tena kwa noti ndogo za 5 na 10, maana ukiwa na 100 tupu utashindwa kutoa hata ukitaka. Siku ya kwanza nikibadilisha hela huwa naomba mia mbili nzima nivunjiwe.

Mgahawani soma bili kwanza. Migahawa ya hotelini mara nyingi bei ina asilimia 10 ya huduma ndani yake, pamoja na ada ya manispaa na VAT. Hiyo asilimia 10 usidhani lazima inamfikia aliyekuhudumia, kwa hiyo nikihudumiwa vizuri naacha dirham 10 au 20 taslimu, mkononi mwake. Pasipo na hiyo huduma kwenye bili, asilimia 10 inatosha. Mbeba mabegi 5 au 10. Teksi nampandishia tu, ikija 27 nampa 30. Dereva wa safari ya jangwani anayekurusha kwenye mchanga jioni nzima, 20 mpaka 50 kwa familia. Anayesafisha chumba 5 au 10 kwa siku, na uache kila siku, sio siku ya mwisho, kwa sababu zamu zinabadilika na aliyekutandikia siku nne anaweza asiwepo. Iweke juu ya mto na kikaratasi cha asante, hela ikiwa imelala tu mezani ataiogopa, atahisi umeisahau.

Naliongea hili kwa uchungu kidogo maana kati ya wahudumu na walinzi pale wapo vijana wengi wa Kenya na Uganda, wametoka mbali, wanatuma hela kwa mama zao. Utamsikia ukiongea Kiswahili anageuka anatabasamu kabla hata hujamuita. Kama umemaliza dirham 800 kwenye manukato, dirham 10 ya yule kijana usiigombanie.

Kwenye ile boti ya mbao ya kuvuka Creek (mkono wa bahari unaopita katikati ya Dubai), abra, hamna bakshishi, ni dirham 1 tu, uwe na sarafu.

Hela ya kurudishiwa, watu wengi wanaiacha

VAT ya Emirates ni asilimia 5 tangu 2018, na mgeni anarudishiwa sehemu kubwa. Duka liwe kwenye huo mpango, ununuzi uanzie dirham 250, na uiombe hapohapo unapolipa, na pasipoti. Ukifika uwanja wa ndege, ununuzi wako unahakikiwa KABLA hujakabidhi mabegi, mzigo unaweza kuangaliwa, kwa hiyo fika mapema. Unapata asilimia 85 ya VAT uliyolipa, toa ada ya dirham 4.80 kwa kila risiti. Ukinunua simu ya dirham 1,050, VAT yake ni 50, inarudi 37.70. Hiyo ni teksi ya mtu.

Dirham zikibaki nyingi zigeuze dola Deira kabla ya kuondoka, usizipeleke Dar kuzibadilisha kwa shilingi. Sarafu zijaze kwenye kadi ya Nol ya metro mpaka ziishe. Ile ya Silver unainunua dirham 25 na ndani ina 19 za kusafiria, na inaishi miaka 5, yangu imeshapita kwa dada yangu na kwa wifi, sasa hivi ipo kwa jirani anayeondoka Alhamisi.