Nikasema ganzi haijashika, nikajibiwa "vumilia"

Kliniki ya meno niliyokwenda kung'olewa jino iko Dar, jina nalihifadhi. Usafi upo, vifaa vinafunguliwa kwenye pakiti mbele yako, foleni haichoshi. Kwa hayo sina neno. Shida ni mtu aliyeshika koleo.

Jino lilikuwa gego la chini, limeoza hadi kwenye kiini. Alidunga sindano moja nyuma kabisa ya taya, akasukuma dawa yote kwa mkupuo, na dakika mbili hazijaisha koleo liko mdomoni. Nikainua mkono, nikamwambia bado nasikia maumivu makali. Akajibu bila hata kuniangalia: "Wewe mtu mzima, vumilia. Mdomo si umekufa ganzi? Basi."

Hiyo "basi" bado inanichemsha damu. Mdomo wa chini kufa ganzi ni dalili tu kwamba dawa imefika kwenye neva ya taya. Haina maana jino lenyewe limelala, hasa lile ambalo kiini chake kimevimba, kwani palipo na uvimbe na usaha dawa hushika kwa shida. Halafu ufizi wa upande wa shavu kwenye magego ya chini una neva yake nyingine, ambayo mara nyingi sindano ile ya nyuma haiigusi. Unadungwa peke yake, dawa kidogo tu, pembeni ya gego la mwisho. Ukiiruka hatua hiyo, koleo linapoteremka chini ya ufizi mgonjwa ataruka, na ana haki ya kuruka.

Nilipoomba aongeze, akasema ganzi nyingi ni hatari. Hatari ipo, lakini si kwenye kichupa cha pili! Kichupa cha mililita 1.8 cha lignokaini, ndiyo dawa yenyewe ya ganzi, ya asilimia 2 kina miligramu 36. Hata ukifuata kipimo cha wanaobana sana, miligramu 4.4 kwa kila kilo ya mwili, mtu wa kilo 60 anafika 264, yaani vichupa saba. Wenye matatizo ya moyo hupunguziwa kwa ajili ya adrenalini iliyomo, ila huyu hakuuliza habari za moyo wala presha, na hilo ni kosa jingine.

Nikakataa kuendelea. Akaitwa daktari wa chumba cha pili, mama mmoja mtulivu. Aliketi kwanza. "Pole baba, inauma wapi? Nionyeshe kwa kidole." Akakausha ufizi, akapaka jeli ya ganzi, akasubiri kama dakika moja. Akadunga upande wa shavu, akivuta bomba nyuma kidogo kuhakikisha hayuko kwenye mshipa wa damu, kisha akasukuma taratibu mno. Dawa ikiingia polepole haichomi. Akaongeza kidogo kwenye mwanya kati ya jino na mfupa. Akasubiri tena. Akachokoa ufizi kwa ncha ya chuma, upande wa ulimi na upande wa shavu, kila mara akiuliza. "Utasikia kusukumwa, hutasikia kuchomwa. Ukisikia kuchomwa inua mkono wa kushoto, naacha hapo hapo." Jino likatoka, na kweli ni kusukumwa tu.

Akaeleza na ya nyumbani: kung'ata pamba nusu saa, kutosukutua wala kutema kwa nguvu hadi kesho yake ili donge la damu lisitoke, kisha maji vuguvugu glasi moja na nusu kijiko cha chai cha chumvi. Maumivu yakizidi siku ya tatu badala ya kupungua, rudi, huenda donge limetoka na mfupa uko wazi.

Nilianza kuandika nikitaka kutoa nyota moja. Nikimfikiria yule mama, tano hazitoshi. Lakini nilipolalamika mapokezi nikaambiwa, "Yule ndivyo alivyo, ila ni mzoefu." Mzoefu wa kuumiza watu? Kwa jibu hilo narudi kwenye moja, na moja yenyewe ni ya chumba cha pili. Mkienda, mtajeni huyo mama kabla ya kulipa hela ya kumwona daktari, maana ukishalipa hawabadilishi.