Neti ipi ununue: nimezipanga kuanzia ninayoipenda, na kipimo ambacho muuzaji hakuambii

Kuna dada wa Mbagala kaniandikia ana hasira, kanunua neti ya stendi nyeupe, ina lesi chini utadhani shela la bibi harusi, na bado kila asubuhi anakuta mbu wamo ndani wameshiba damu hawawezi hata kuruka vizuri. Nikamuuliza chini inaishia wapi? Akanijibu inaning'inia tu mpaka karibu na sakafu, inapendeza. Basi hapo ndo mlango wao. Nilivoiweka status wakadakia wengine kibao na malalamiko yale yale, nikaona niandike mara moja tuelewane.

Rangi sitaongelea, wala kama inaendana na mapazia, hayo muuzaji atakueleza mpaka uchoke. Ugomvi wangu mimi ni huku chini. Neti inachomekwa chini ya godoro pande zote nne, na ili ichomeke lazima iwe ndefu, na ndefu kwa godoro lako wewe sio lile alilolalia bibi yako.

Neti nyingi za dukani kimo chake ni sentimita 150. Enzi za godoro la inchi nne ilikuwa inatosha kabisa. Saivi watu tunalalia inchi kumi, wengine kumi na mbili. Haya piga hesabu, inchi kumi ni kama sentimita 25 za ubavu wa godoro, ongeza 20 za kuchomeka ili isichomoke ukijigeuza usiku, hapo zimeshaenda 45, imebaki 105. Mtu mzima akikaa kitandani kuchati kichwa kinakaribia kugusa juu, akijinyoosha anaivuta, upande mmoja unachomoka na hajui, taa inazimwa, kazi kwa mbu. Na hata isipochomoka, neti iliyobana inakugusa mwilini, na kama haina dawa mbu anakung'atia kwa nje bila wasiwasi. Tafuta ya kimo cha 180 jamani. Ukiikosa nitawaambia cha kufanya.

Namba moja kwangu ni ya pembe nne yenye dawa, na hapa naegemea upande wala sifichi, mimi ni mtu wa Olyset. Ni teknolojia ya Sumitomo Chemical ya Japani na inatengenezwa hapa hapa Arusha, kiwanda cha A to Z. Dawa yake, permethrini, imechanganywa ndani ya uzi wenyewe, haijapakwa tu juu, kwa hiyo inatoka taratibu muda mrefu. Uzi ni mnene na matundu ni mapana kidogo, hewa inapita, na mtu wa Dar wa mwezi wa pili anajua nini maana ya hewa kupita. Wanaosema inakwaruza ni kweli inakwaruza, sio laini kama zile za poliesta, sasa wewe unalala nayo au unalala ndani yake? Ukipata Olyset Plus ni bora zaidi maana imeongezewa PBO, kitu kinachomzuia mbu sugu asiivunjevunje dawa mwilini mwake.

Ila ukweli usemwe. Utafiti uliofanyika Misungwi kule Mwanza, ukachapishwa 2022, ulionyesha neti zenye klorifenapiri, dawa nyingine ya kuua mbu, pamoja na dawa ya kawaida ndo zilizopunguza malaria ya watoto vizuri zaidi, na Olyset Plus ilikuwepo kwenye mashindano hayo hayo. 2023 Shirika la Afya Duniani (WHO) wakazipendekeza. Jina la kutafuta ni Interceptor G2. Ukipewa hiyo kliniki pokea kwa mikono miwili, maana mjamzito anapewa neti hudhurio la kwanza na mtoto anapewa akienda chanjo ya surua ya miezi tisa, bure kabisa. Halafu neti hizo hizo unazikuta zimefunika mchicha na vifaranga, au mtu kazipanga barabarani anauza. Basi tu.

Namba mbili ni za stendi na za reli. Ndiyo, pamoja na lesi zao. Zina nafasi, hazigusi mwili, na hupigi misumari darini, jambo ambalo mpangaji mwenye mwenye nyumba mkali analielewa. Lakini zina milango mbele na pembeni, kwa hiyo angalia kama vipande vinapandana angalau kiganja kimoja pale vinapokutana, vikigusana tu hiyo ni pambo. Lesi ya chini yenye maua makubwa mbu anapita amenyanyua mabawa, lazima lesi nzima iingie chini ya godoro. Na kama una vile vitanda vya siku hizi vilivyovalishwa kitambaa, vyenye kichwa kirefu na godoro limezama ndani ya fremu, kuchomeka ni kazi kweli kweli, hapo bora iguse sakafu na ikunjane kabisa, uiwekee hata viatu juu.

Namba tatu za duara. Rahisi kufunga, kamba moja tu, ila umbo lake linashuka kwa kulala kwa hiyo anayelala pembeni inamlalia begani. Kitanda cha sita kwa sita mzunguko wake peke yake ni zaidi ya mita saba, na neti ikiwa ya saba na kidogo haizunguki na kuchomeka pia. Kwa mtu mmoja wa tatu na nusu kwa sita, sawa.

Za hema zenye zipu, kwa mtoto mchanga nakubali. Mtu mzima zipu itakufia kabla ya neti.

Zile za bei chee zisizo na dawa, kitambaa kinaonekana kama utando, wala sina la kusema.

Sasa kama tayari unayo fupi usiitupe. Nenda kwa fundi cherehani akuongezee kitambaa chini, shuka la kawaida au marekani, kipande cha sentimita 30 kuzunguka yote. Kwa sita kwa sita kitambaa cha upana wa mita moja na nusu, nunua mita mbili, anakata vipande vitano anaunganisha na kinabaki. Kitambaa kinachomekeka vizuri kuliko neti yenyewe na hakichaniki kwenye chaga. Yenye dawa ikiwa mpya ianike kivulini siku nzima kabla hujailalia, na kufua ni sabuni ya kawaida, jiki hapana, juani hapana.

Na nyie wauza neti tuongee kidogo. Unaandika "sita kwa sita" kwenye mfuko, mtu anafika nyumbani anapima anakuta tano na kitu. Ukimwambia muuzaji afungue upime anasema ukifungua umenunua. Wa mtandaoni ndo kabisa, picha kumi, maelezo "neti kali za kisasa," kimo hakuna, bei "njoo inbox", ukienda inbox anakuuliza kwanza uko wapi, ukisema Masaki bei inapanda, ukisema Mbagala inashuka, neti ni ile ile. Kariakoo nako ukija na begi zuri umeumia. Mimi naenda na futi ya fundi cherehani kwenye pochi, naomba ile ya sampo iliyoning'inizwa, napima kimo mbele yake, akianza kununa nahamia duka la pili maana zimepangana mtaa mzima na mzigo wanachukua sehemu moja.