Dramu za Premier za miaka ya 60 hapa Malindi: uzoefu wangu

Nimezipiga dramu hizi msimu mzima wa kusi, hotelini Casuarina na kwenye harusi hadi Mambrui, kwa hiyo nina haki ya kuzisema. Sauti ni tamu mno. Chuma chake kimestahimili chumvi ya bahari kuliko cha seti mpya nyingi nilizowahi kukalia. Ila kuna kero moja kubwa ambayo muuzaji hakuniambia, na sidhani alikuwa anaijua: ngozi. Ukitaka kununua dramu kuukuu huku Pwani, swali la kwanza liwe ngozi zake utazipata wapi. Jina na mwaka vije baadaye.

Tangazo lilisema “Ludwig orijino”. Na kweli, ngozi ya mbele ya dramu ya besi ilikuwa na neno Ludwig kubwa, herufi nyeusi. Sasa, ngozi ya mbele inauzwa peke yake, yenye jina lolote utakalo, na mtu anaifunga kwenye dramu yoyote yenye upana huo. Kuiamini ni sawa na kumwita kijana Messi kwa sababu ya jezi aliyovaa. Watu hubandika Ludwig kwa sababu jina hilo linauza. Tangu Ringo Starr, mpiga dramu wa Beatles, aonekane kwenye televisheni ya Marekani Februari 9, 1964, amekaa nyuma ya Ludwig zake, kiwanda hicho cha Chicago hakikutafuta tena wateja, na wakusanyaji mpaka leo hutoa pesa nyingi kwa seti za miaka ile. Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba kabla ya Ludwig, Ringo mwenyewe alikuwa anapiga Premier ya Uingereza.

Na hizi ndizo zilikuwa Premier. Beji ndogo ya chuma ilikuwa bado iko ubavuni mwa tomu, ile dramu inayokaa juu ya besi, imechakaa, lakini jina linasomeka ukiielekeza kwenye mwanga. Beji nayo isikutie wazimu, maana hubanduliwa na kuhamishwa. Mimi huiamini pale tu vitu vingine vinapoiunga mkono: vishikizo vya skrubu vinavyofanana dramu zote, tundu la hewa linalopita katikati ya beji bila tundu la pili pembeni, na mbao ya ndani.

Muuzaji alikuwa mzee mmoja wa Maweni, anauza vitu vya marehemu kaka yake aliyekuwa na bendi. Nikamwomba:

“Mzee, niruhusu nifungue ngozi moja nitazame ndani.”

“Fungua mwanangu, lakini taratibu. Hizo ziliachwa na Mtaliano wa San Marco, wale wa roketi. Wewe unajua hizo zina historia gani?”

Hadithi tamu, na tarehe zake zingeweza kukubaliana. Waitaliano walirusha setilaiti yao ya San Marco 2 kutoka kwenye jukwaa la baharini hapo Ngomeni Aprili 26, 1967, na mafundi wao walijaa mjini. Lakini Mtaliano wa enzi zile angeweza kabisa kuwa na Hollywood za Meazzi wa Milano, dramu za kwao. Halafu nilipoinamisha besi na kumulika ndani kwa simu, nikakuta kibandiko cha duka la muziki la Nairobi, nusu kimeng'oka, rangi imekuwa kama ya chai. Yaani zilinunuliwa hapa hapa nchini. Wala si ajabu. Bidhaa za Uingereza ndizo zilizojaa madukani Kenya, kabla ya uhuru wa 1963 na miaka mingi baada yake. Sikubishana na mzee, ana heshima yake. Moyoni tu nikaifuta ile hadithi kwenye bei: isiyo na risiti wala picha haiongezi hata shilingi.

Kibandiko hicho usikiondoe kamwe. Nimeona mtu anasugua ndani ya dramu kwa msasa “apate usafi”, anafuta mihuri ya kiwanda, penseli za mafundi na vibandiko, vitu ambavyo ndivyo cheti cha kuzaliwa cha dramu.

Kuhusu umri, mzee alisema ni za miaka ya 50. Mimi nasema za 60, kabla ya mwisho wake, na sababu yangu kuu ni futi ya kupimia. Premier ilianzishwa London mwaka 1922, ikahamia Leicester baada ya kiwanda kupigwa mabomu 1940, na kwa miaka mingi ilitengeneza baadhi ya dramu kwa vipimo vyake yenyewe. Tomu yao ya “inchi 12” ni kubwa kidogo kuliko inchi 12 za dunia nzima, kwa milimita chache tu. Kuelekea mwisho wa miaka ya 60 ndipo walipofuata kipimo cha kimataifa. Kwa hiyo ngozi ya kawaida ya inchi 12 ikikataa kuingia kwenye Premier, ujue una dramu ya kabla ya mabadiliko hayo. Nilikwenda kwa mzee na ngozi mbili za kawaida za Remo nilizoazima kwa rafiki, ya inchi 12 na ya 14. Ile ya 12 nikaiweka juu ya tomu, ikakaa ukingoni kama kofia isiyotosha, haishuki. Tomu ya miguu, ile ya inchi 14, nayo hivyo hivyo. Mzee alidhani ngozi zangu ndizo mbovu.

Hicho ni kikomo cha upande mmoja. Upande wa pili, wa kusema si za 50, nilitegemea mambo madogo madogo: umbo la vishikizo, vyuma vya kubebea tomu, na mng'ao wa plastiki iliyovalishwa mbao kwa nje, vyote nikavilinganisha na katalogi za zamani za Premier ambazo watu wamezipiga picha na kuziweka mtandaoni. Katalogi ndiyo shahidi bora, na ni bure. Ngozi, skrubu, stendi na pedali usizitumie kutafuta mwaka, kwani ni vitu vinavyoisha na kubadilishwa. Tafuta kwenye kile ambacho hakuna aliyekuwa na sababu ya kukibadilisha.

Rangi ndiyo ilinifurahisha kuliko yote. Tangazo lilisema kijani, na ukizitazama kweli ni kijani, kile cha maji ya mwani, chenye vimetameta. Nikalegeza skrubu mbili ndani ya tomu na kukitoa kishikizo kimoja. Chini yake kulikuwa na alama ya umbo lile lile, buluu kali, kama imetoka kiwandani jana. Dramu zote zilikuwa buluu! Ule utando wa juu, uliokuwa safi kama kioo, umegeuka manjano kwa jua na miaka, na manjano juu ya buluu ndiyo hiyo kijani. Upande wa tomu ya miguu uliokuwa umeegemea ukuta bado una ubuluu kidogo. Kwa mnunuzi jambo hili lina faida mbili: unajua jina sahihi la rangi unapotafuta bei, na unajua kwamba haijawahi kuvalishwa upya, kwa maana aliyeivalisha upya asingepata tofauti kama hiyo chini ya chuma.

Sasa kasoro, nazo zipo. Seti imepigwa, tena imepigwa na watu wa kazi. Besi ina matundu mawili ya ziada juu, mtu alifunga kishikio cha tomu cha aina nyingine kisha akakitoa. Kila tundu ambalo kiwanda hakikulitoboa linapunguza bei, na halirudishiki. Stendi zote ni za baadaye, za aina tatu tofauti. Snea ya asili, ile dramu ndogo yenye nyuzi za chuma chini, haipo kabisa. Mahali pake kulikuwa na ya chuma ya Kijapani isiyo na jina la maana. Hili ni la kawaida. Bendi ikivunjika, mpigaji huondoka na snea yake kwapani, na zile kubwa hubaki zikikusanya vumbi. Kwa Premier hasara yake ni kubwa, maana snea zao kama Royal Ace zina watu wanaozitafuta zenyewe tu.

Matoazi yalikuwa mawili. Moja halina thamani. La pili limeandikwa Super Zyn, toazi lililokuwa likiuzwa na Premier wenyewe, na hilo likanipa ushahidi mwingine kwamba seti ilinunuliwa kwa pamoja. Tundu lake la katikati limeliwa na stendi likawa na pembe moja ndefu, na ukingoni kuna ufa wa urefu wa ukucha. Bado nalipiga, polepole, upande wa pili.

Bei. Mzee alianzia 80,000. Kwenye simu yake alikuwa na picha ya mtu wa ng'ambo anayeuza seti “kama hii” kwa pesa nyingi. Hapa ndipo watu wengi hupigwa changa la macho, na wauzaji wenyewe hujidanganya. Bei inayoombwa haina maana, kila mtu anaruhusiwa kuomba. Tazama zilizokwisha kuuzwa, na masoko ya mtandaoni ya eBay na Reverb yote yanakuonyesha hizo. Kisha hakikisha unalinganisha sawa kwa sawa: ile ya kwenye simu ilikuwa na snea yake, stendi zake na masanduku yake. Premier kwa jumla huuzwa chini ya Ludwig na Gretsch za Marekani za umri huo huo, hata ziwe zinalia vizuri kuliko hizo. Na mnunuzi wa London hawezi kukulipa bei ya London wakati sanduku la besi peke yake linakula nauli ya ndege.

Nikampa mzee hesabu yangu waziwazi: thamani ya hapa ni ya mpigaji, si ya mkusanyaji. Seti mpya ya kuanzia Mombasa niliambiwa 55,000. Hizi zinalia vizuri kuliko hiyo, lakini hazina snea, zina matundu, na zinahitaji ngozi za kuagiza. Tukafikia 38,000 na yeye akabaki na stendi moja ya kutundikia pazia, sijui kwa nini. Sote tulicheka.

Matengenezo sikuyapeleka mbali. Ndani ya dramu hizi mbao ni nyembamba, tabaka chache, na juu na chini zimezungushiwa pete za mbao ngumu kuzishikilia zisipinde. Pete ya tomu ya miguu ilikuwa imeachia sehemu ya kiganja hivi. Gundi ya zamani na unyevu wa Malindi haviivi chungu kimoja. Fundi seremala wa Majengo, anayetengeneza vitanda, aliikwangua gundi ya zamani, akatia mpya, akaibana kwa jiliwa na kuiacha ikauke. Kazi safi, 1,500. Huyo huyo akataka kunipigia rangi ya gari zote “zing'ae”. Nikamshukuru na kuondoka nazo upesi. Kutu ya juu juu niliitoa kwa karatasi ya foili na maji, kusugua polepole, halafu mafuta kidogo ya cherehani. Kromu ya Premier ina sifa tangu zamani, na nimeuona ukweli wake: chini ya ule uchafu wa kahawia vyuma vingi vilikuwa vyeupe.

Usisahau kuangalia ukingo inapokalia ngozi. Ipindue dramu bila ngozi juu ya meza ya kioo, weka tochi ndani, zima taa ya chumba. Mwanga ukipenya chini mahali, ukingo umeliwa au dramu imepinda, na hapo haitakaa kwenye sauti hata ufanyeje. Zangu zilipenyeza kidogo sana kwenye besi tu.

Ngozi za vipimo vya zamani bado zinatengenezwa, nikaagiza kwa muuzaji maalumu Uingereza. Kwa nauli na ushuru, ngozi mbili za juu zilinigharimu karibu robo ya bei ya seti yenyewe. Hiyo ndiyo kero niliyoitaja, na haiishi, maana ngozi huchakaa. Ngozi za chini nimeacha zile kuukuu zilizokuja nazo. Besi haina shida, inchi 20 ya kawaida, inapatikana Mombasa.

Zikiwa na ngozi mpya, lo. Tomu ya 12 inalia kwa duara, haipigi kelele, inafaa sana muziki wa bango na nyimbo za polepole za hotelini ambapo meneja anakutazama kila ukigusa toazi. Besi ni fupi na nene bila mto ndani. Kwa mwenye bendi ya rege ya ukumbi mkubwa, bila maikrofoni zitamwangusha, hazina nguvu hiyo. Kwa ukumbi wa kawaida, sijakalia seti iliyonipendeza zaidi. Nyota nne, ya tano imeliwa na ngozi.

Juzi kijana mmoja wa Watamu kaniuliza nitaziachia kwa ngapi. Nimemwambia 60,000, toazi la Zyn halimo, na ngozi ajitafutie mwenyewe.