Uzoefu wangu na warfarin, na daktari aliyeiita sumu ya panya

Nianze na bahasha, maana hasira yangu yote imo humo.

Ni bahasha ya kaki, ina majibu yangu ya eko, ile picha ya moyo ya mawimbi ya sauti. Kule nilikopimwa waliifunga kwa pini mbili. Niliibeba kwapani kutoka Mbagala, nikaiweka juu ya meza ya daktari, nikakaa. Jioni nilipofika nyumbani pini zilikuwa palepale, mbili, hazijaguswa. Mtu amenibadilishia dawa ya moyo bila kung'oa pini.

Kwa wasionijua: natumia warfarin, dawa ya kuzuia damu kuganda. Ni mwaka wa tisa au wa kumi huu, nimeacha kuhesabu. Valvu yangu moja, yaani mlango wa moyo, ya upande wa kushoto imebana, ile wanayoiita mitrali, na moyo wenyewe unadunda kama ngoma inayopigwa na mtoto. Chanzo ni mafindofindo ya utotoni. Kwetu Njombe mtoto akiumwa koo alisukutua maji ya chumvi, na magoti yakivimba wazee walisema baridi imeingia mifupani. Hata jina la ugonjwa, homa ya baridi yabisi, linaisingizia baridi wa watu. Kumbe ni bakteria wa kooni, mwili ukishapambana nao unageuka kuushambulia moyo wake wenyewe. Mimi nilikuja kujua nikiwa na mimba ya pili, pumzi zinakatika kwenye ngazi ya nne. Damu inatuama kwenye chumba cha moyo kilichotanuka, inafanya bonge, bonge likichomoka likapanda kichwani ni kiharusi. Warfarin ndiyo inayozuia hilo bonge. Haya, tuendelee na daktari.

Ilikuwa kipindi cha mvua za vuli, mwaka juzi kama sikosei. Pale ninapohudhuria siku zote vipimio vya INR, kile kipimo cha kujua damu inaganda kwa kasi gani, vilikuwa vimeisha, wiki ya tatu hiyo, kila nikifika dirishani naambiwa "mama, jaribu Jumatatu." Shemeji yangu akasema achana nao, nenda hospitali fulani ya binafsi, bima yako inafika. Jina silitaji. Kwa kweli pazuri. Kiyoyozi, maji ya baridi bure, viti ambavyo ukikaa hutaki kusimama. Nikajiambia leo nimefika kwa watu.

Daktari alikuwa kijana, amevaa viatu vinavyong'aa kuliko kioo changu cha chumbani. Pembeni wamekaa wanafunzi wawili. Akaniuliza natumia dawa gani. Nikasema warfarin. Akaegemea kiti, akawageukia wale vijana: "Mmesikia? Sumu ya panya." Kisha kwangu: "Mama, karne hii bado unakunywa sumu ya panya?"

Vijana wakacheka. Yule binti aliziba mdomo kwa daftari, angalau yeye alijaribu. Na mimi nikacheka. Hilo ndilo linaloniuma hadi leo, kwamba na mimi nilicheka, mtu mzima, na bahasha yangu mezani.

Halafu akaandika rivaroxaban, dawa mpya ya kuzuia damu kuganda, moja kwa siku pamoja na chakula. Hakuna kupima damu tena, akasema, hakuna masharti ya mboga. Dakika saba, labda nane. Bahasha aliitumia kuwekea kikombe.

Niseme ukweli: kwa historia hakudanganya. Kule Wisconsin, Marekani, ng'ombe walikula majani ya malisho yaliyooza wakawa wanavuja damu hadi kufa, na maabara ya mwanakemia Karl Link ikachambua kilichokuwemo. Kutokana na hicho ikatengenezwa warfarin, ikauzwa mwaka 1948 kuulia panya kweli. Mwaka 1954 ikaruhusiwa kwa binadamu, na mwaka uliofuata rais wao Eisenhower alipopata shambulio la moyo akapewa hiyohiyo. Sasa kama rais alimeza, mimi wa Mbagala nachekwa kwa lipi?

Lakini subirini. Wiki zile za dawa mpya, jamani, zilikuwa tamu. Nilikula matembele. Nilikula kisamvu cha nazi siku tatu mfululizo, bila kuwaza vitamini K ya mboga za majani, inayopunguza nguvu ya warfarin, wala nani. Sikuamka saa kumi na moja kuwahi foleni. Bei ilinitoa jasho, maana safari ile dawa ilitoka mfukoni, na boksi moja lilimeza pesa ambayo kwa warfarin ningejikimu miezi. Lakini nililipa huku natabasamu. Kanisani niliwatangazia wenzangu wawili wa valvu kama mimi. Wiki ile ningeandika maoni haya, ningeipa hospitali ile nyota tano na kuongeza ya sita kwa kalamu yangu. Wale wenzangu wawili nilikuja kuwafuata nyumbani kwao kufuta maneno yangu, mmoja baada ya mwingine. Sijawahi kuona aibu namna ile.

Nilirudi kule kwa zamani kwa sababu ya miguu kuvimba tu. Nesi wa dirishani akasema, "Dada, umepotea!" Nikajigamba: mimi na nyie basi, nina dawa ya kisasa. Hakucheka. Alinyanyuka akaenda kumwita daktari, mama mmoja wa makamo, msemaji mdogo. Huyo mama akaomba bahasha. Aling'oa pini kwa ukucha. Akasoma, akanitazama, akasoma tena.

"Wewe una valvu iliyobana. Nani kakuandikia hii?"

Nikasema daktari. Akanyamaza kidogo, nadhani alikuwa anameza neno. Kisha akanieleza taratibu, na yeye ndiye wa kwanza katika miaka yote hiyo kunichorea moyo kwenye karatasi. Dawa hizi mpya ni nzuri, alisema, lakini tafiti kubwa zilizozipa sifa ziliwaacha nje watu wa valvu iliyobana kama yangu. Zilipimwa kwa wengine. Sifa zao tukapewa na sisi, bila kupimwa. Akanirudisha kwenye warfarin siku ileile, kwa mpangilio wake yeye. Na msisome hapa mkaenda kubadilisha vidonge vyenu wenyewe, nitawakana mbele ya daktari wenu.

Mpwa wangu anasomea famasi. Nilimwambia nitafutie, nataka kuona kwa macho. Akaniletea utafiti unaoitwa INVICTUS, uliotoka Agosti 2022. Someni tarehe hiyo vizuri, maana mimi nilichekwa baada yake. Safari hii waliochukuliwa ni watu kama mimi hasa: zaidi ya 4,500, wenye ugonjwa wa moyo wa baridi yabisi na mapigo yasiyo na mpangilio, kutoka nchi 24 za Afrika, Asia na Amerika ya Kusini. Wastani wa umri miaka 50, na karibu robo tatu ni wanawake. Wakagawanywa makundi mawili yaliyokaribiana kabisa kwa idadi, kundi moja rivaroxaban, jingine dawa za jamii ya warfarin. Kwa mpwa wangu, na nadhani kwa watafiti wengi, ilitegemewa kwamba dawa mpya itakuwa sawasawa na ya zamani, na urahisi wake uwe faida ya juu.

Haikuwa hivyo. Kundi la dawa mpya walifariki 552. Kundi la sumu ya panya 442. Na kutokwa damu sana, kitu tunachotishwa nacho kila siku, hakukutofautiana kwa maana.

Nilimwambia mpwa asome tena namba hizo. Watu mia moja na kumi. Nikawafikiria kama foleni yetu ya asubuhi, benchi zote nne na waliosimama ukutani. Halafu nikamfikiria kijana na viatu vyake. Alinicheka kwa kupitwa na wakati, kumbe aliyepitwa alikuwa yeye.

Nisimwonee sana. Jirani yangu mzee ana mapigo ya hovyo kama yangu lakini valvu zake nzima, na anatumia dawa ya kundi hilo jipya vizuri tu. Kwa watu wa aina yake kuna utafiti wa 2011, ARISTOTLE, watu zaidi ya 18,000, ambapo apixaban, ndugu wa rivaroxaban, iliishinda warfarin kwa kiharusi, kwa damu kutoka na hata kwa vifo. Kwa hiyo dawa si mbaya. Ubaya ni kumpa mama wa valvu iliyobana dawa ya mzee wa jirani, wakati jibu la yeye ni nani limelala chini ya kikombe chako. Hapana, nimejaribu kumtetea nimeshindwa.

Na hili la kucheka dawa za zamani linanichoma kwa sababu nyingine. Hapo Uganda, kule Gulu, waliwapima watoto zaidi ya 100,000 kwa eko, wakawapata wenye dalili za mwanzo kabisa za ugonjwa huu wangu, ambao hata wenyewe hawajui kama wanaumwa. Watoto 818 wakaingizwa kwenye utafiti: nusu wakachomwa sindano ya penisilini kila wiki nne, nusu hawakuchomwa. Baada ya miaka miwili, ugonjwa ulisonga mbele kwa watoto 3 tu wa sindano, na kwa 33 wasiochomwa. Matokeo yalitoka 2021. Penisilini! Dawa iliyokuwepo dukani siku nasukutua maji ya chumvi Njombe. Binti wa dada yangu alipoumwa koo mwezi uliopita nilimbeba mwenyewe kwenda zahanati, dada akaniona nimerukwa na akili.

Sasa niipime warfarin yenyewe, maana ndiyo niliyokusudia.

Naichukia. Kidonge nakata kwa wembe, leo kizima, kesho nusu, Jumapili kizima na nusu, na nusu moja kila mara inarukia chini ya kabati. Nikipewa dawa ya malaria au ya kikohozi kipimo kinapanda. Nikila matembele sana kinashuka. Miaka mingi niliambiwa nisiguse mboga za majani kabisa, hadi yule mama daktari aliposema kula, ila kiasi kilekile kila wiki. Miaka mingi bila mchicha, kwa ajili ya maelezo nusu! INR yangu inatakiwa iwe kati ya 2 na 3, na inatembea itakavyo. Nilidhani ni uzembe wangu. Kumbe hata kwenye INVICTUS, walipoanza, waliokuwa ndani ya kiwango ni kama theluthi moja tu, na hata baada ya kufuatiliwa kwa miaka hawakuvuka sana 60 kwa mia. Nilipumua nilipolisikia hilo.

Na dirisha. Mashine ya kutoboa kidole ipo, vipimio hakuna. Vipimio vipo, umeme hakuna. Vyote vipo, mhusika yuko semina. Nikitoa nyota kwa dirisha ni moja, tena kwa ajili ya yule nesi.

Ila kuna kitu mpwa wangu alinisomea mwishoni, na kimenivurugia maoni haya yote. Tofauti ile ya vifo haikutokana hasa na viharusi. Ilitokana na moyo kusimama ghafla na moyo kuchoka. Kwa nini dawa ya kuzuia bonge ipunguze moyo kuchoka, hakuna aliyelieleza likaeleweka vizuri. Wapo wanaodhani ni foleni. Wa warfarin walilazimika kuja kupimwa kila mwezi, na anayekuja kila mwezi anaonekana.

Sitaki kuamini. Nimeitukana foleni ile kwa lugha mbili. Lakini ni nani aliyeona miguu yangu? Nilikwenda pale kujigamba, na nesi kabla hajamwita daktari alishainama akabonyeza kifundo changu kwa kidole gumba, shimo likabaki. Kule kwenye kiyoyozi miguu ileile ilikuwa chini ya meza, nusu mita kutoka kwenye viatu vinavyong'aa, na hakuna aliyeiangalia. Nilianzishiwa dawa ya kutoa maji siku hiyo, usiku nikalala mto mmoja badala ya mitatu.

Basi warfarin nilitaka kuipa nyota mbili, naipa tatu. Nne wiki ambazo kipimo kimetulia. Dirisha lilikuwa na moja, naliongeza ya pili kwa shingo upande, wakileta vipimio tutazungumza. Ile hospitali ya kiyoyozi, maji yao ni ya baridi kweli.

Bahasha ya kaki nimeitupa, ilikuwa na duara la chai. Majibu yangu sasa yako kwenye mfuko wa plastiki unaoonyesha ndani, na neno la valvu iliyobana nimelipigia mstari kwa kalamu nyekundu.